Mashamba bila mashamba: namna Kolwezi ilichorwa



Ukimuuliza kijana yeyote wa Kolwezi "Mashamba iko wapi?", hatakuonyesha mahindi. Atakuonyesha shimo. Hapa kwetu Mashamba ni jina la mashimo mawili makubwa ya shaba na kobalti. Mashamba ya Mashariki iko kwa KCC, kampuni ya Glencore pamoja na Gécamines. Mashamba ya Magharibi iko kwa Sicomines, kampuni ya Wachina na Gécamines iliyotoka katika mkataba wa 2008. Ili Mashamba ya Magharibi na jirani yake Dikuluwe vipatikane kwa mkataba huo, Katanga Mining, yenye ilikuwa navyo, ilikubali kuviachilia. Gécamines iliahidi kuirudishia akiba ya madini ya kiasi kilekile, ama kulipa dola milioni 825.

Dola milioni 825 kwa kitu chenye jina la mashamba! Mimi ni agronome, na nimewahi kushika kaye ya kuhesabia shamba la kweli, lenye mihogo na mahindi. Bei yake ninaijua. Nitarudi kwa hiyo.

Tunapenda kusema: "Muji yetu haina plani." Tunasema hivyo tukiona nyumba zinajengwa njiani, mifereji haiko, na krezere wanachimba nyuma ya kanisa. Lakini ukifuata historia, si kweli. Kolwezi ilikuwa na plani tangu siku ya kwanza, na plani nyingine zikaja juu ya ile. Zilichora madini, zikachora nyumba na njia. Shamba waliliacha nafasi nyeupe kwenye karte. Na kitu chenye hakikuchorwa hakina mtu wa kukitetea siku katapila inafika.

Kabla ya karte

Bankambo wetu walijua kusoma ardhi bila karatasi. Vilima vyenye shaba nyingi haviotei miti. Vinaota majani na maua madogo tu, kwa sababu mizizi ya miti haivumilii shaba. Kuna hata ua, Crotalaria cobalticola kwa jina la kitaalamu, ambalo linapenda udongo wenye kobalti. Basanga na majirani zao waliona vilima hivyo, wakachimba na kuyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Jules Cornet, mjiolojia Mbelgiji, kupita Katanga mwaka wa 1892 na msafara wa Bia na Francqui.

Tuangalie jambo moja: walichimba wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani. Mvua ikianza, watu walirudi kwenye jembe. Walipanga kazi kwa kalenda, na karte hawakuihitaji. Watu walewale walikuwa wachimbaji na wakulima, kila kazi kwa wakati wake, na moja haikuua nyingine.

Plani ya 1937

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906. Reli ya kwenda magharibi, kupitia Tenke na Dilolo mpaka bahari ya Angola, iliungana 1931. Kisha 1937 Kolwezi ilianzishwa kama makao makuu ya machimbo ya Union Minière ya upande wa magharibi. Kwa hiyo mji wetu haukukua toka soko ama toka kijiji. Ulizaliwa toka meza ya mainjinia.

Fikra ya kuchora miji ilikuwa tayari imejaribiwa kule Elisabethville, leo Lubumbashi. Mji wa Wazungu huku, site ya Waafrika kule, na katikati nafasi tupu ya mamia ya mita. Sababu waliyoitoa ilikuwa afya: mbu wa malaria asiruke toka kwa Mwafrika kufika kwa Mzungu. Dekre ya tarehe 23 Novemba 1931 ikatengeneza "centres extra-coutumiers", yaani site za Waafrika wenye walitoka chini ya mamlaka ya mashefu wa asili. Kolwezi ilirithi yote: avenye pana zenye miti kwa Wazungu, makambi ya wafanyakazi karibu na machimbo, na site ya Manika kwa wengine.

Na chakula? Plani ilikuwa na jibu: kampuni italisha. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuweka wafanyakazi pamoja na bibi na watoto wao, ili wasikae miezi michache tu na kurudi kijijini. Mfanyakazi alipata nyumba, dispansere, shule ya watoto na posho. Unga mwingi ulitoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mtu mwenye kula posho hahitaji shamba. Na mtu asiye na shamba hawezi kumwambia bosi: "Bon, mimi narudi kwetu kulima." Sisemi kwamba kila injinia alifikiri hivyo akichora. Nasema plani ilifanya kazi hivyo.

Mpaka leo, kila mwaka mpaka wa Zambia ukifungwa kidogo tu, bei ya mfuko wa unga inapanda hapa sokoni. Watu wanalaumu wafanyabiashara. Mimi naona mkono wa plani ile ya zamani. Tuliwekwa katika mji wenye haukuachiwa nafasi ya kujilisha.

Tarehe 20 Juni 1957, miaka mitatu kabla ya uhuru, mkoloni alitoa dekre juu ya upangaji wa miji. Dekre hiyo ilibaki msingi wa sheria yetu ya miji miaka makumi baada ya bendera kubadilika. Bendera tulichora mpya. Mji tukauacha na kalamu ya zamani.

Sheria ya 1973 na ahadi yenye haikutimizwa

Mwaka wa 1967 Mobutu alitaifisha Union Minière, ikazaliwa kampuni ya Leta yenye baadaye tuliita Gécamines. Tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria ya ardhi. Balisansie wa sheria wanaijua kwa moyo: ardhi ni mali ya Leta peke yake, haiuzwi, na haki hiyo haiishi kwa kupita miaka.

Lakini kuna vifungu vitatu vyenye kila agronome angepaswa kuvijua pia. Kifungu cha 387 kinasema ardhi zenye jamii za wenyeji wanazikalia zinakuwa ardhi za Leta. Cha 388 kinaeleza ni zipi: zile watu wanazikalia, wanazilima ama wanazitumia kwa namna yoyote, mmoja mmoja ama pamoja, kufuatana na desturi. Cha 389 kinasema haki za watu juu ya ardhi hizo zitapangwa na ordonansi ya Rais.

Ordonansi ile haikutoka. Rais wa 1973 alikaa mpaka 1997 bila kuitoa, na waliomfuata wakapita miaka mingine makumi namna ileile. Kwa hiyo mama mwenye kulima hekta moja pembeni ya Kolwezi haibi ardhi, na pia hana karatasi. Sheria ilimtaja mwaka wa 1973, ikamwambia "ngojea". Amefia katika kungojea, na mtoto wake amerithi kungojea.

Wakati shamba lilirudi kwa nguvu

Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa chini wa Kamoto ilianguka. Gécamines, yenye katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka, ilishuka chini ya tani 50,000 katika miaka michache tu. Mishahara ikachelewa, kisha ikakosa. Posho ikawa hadithi ya wazee. Mwaka wa 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa katika mpango wenye uliitwa wa "kuondoka kwa hiari". Hiari gani, kila familia inajua.

Basi mji wenye haukuchorewa shamba ukalima. Watu walilima pembeni ya reli, nyuma ya makambi, kando ya mito, na hata kwenye nafasi tupu zenye Mzungu aliacha ili mbu asiruke. Mimi ni mtoto wa miaka ile. Bukari nilikula, sombe nilikula, lenga-lenga nilikula, na sehemu kubwa ilitoka kwenye ardhi yenye karte rasmi ilisema hakuna kitu. Wengi wetu tulilipiwa shule na mihogo ile.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kuchora upya. Wakazi walikuwa wamekwisha kuonyesha kwa jembe mahali pa kulima ni wapi. Ilibaki tu mtu apite na kamba na kalamu. Hakupita mtu. Kumbe karte nyingine ilikuwa inachorwa Kinshasa.

Kare ya hekta 85

Tarehe 11 Julai 2002 ikatoka sheria mpya ya madini. Nchi nzima ikagawanywa katika kare. Kare moja ina hekta 84.955. Katasta ya madini inatoa kibali kwa kuhesabu kare, na sheria inasema wazi kwamba haki ya madini ni kitu kimoja na haki ya ardhi ya juu ni kitu kingine, vimetengana.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua parsele ya mita 20 kwa 30. Kare moja inameza parsele kama hizo zaidi ya 1,400. Kwa karte ya mji, hapo ni kwartie nzima, na kanisa, shule na matanga yao. Kwa karte ya madini ni kisanduku kimoja. Karte mbili zinalala juu ya ardhi moja, katika ofisi mbili ambazo hazisomi karatasi ya mwenzake.

Sheria ile haikusahau watu kabisa. Kifungu cha 279 kinasema kwamba bila kibali cha mwenye nyumba ama mkaaji halali, huwezi kushika ardhi yenye iko chini ya mita 180 toka nyumba. Kwa shamba lenye limelimwa, ni mita 45. Nyumba inalindwa mara nne kuliko shamba. Na angalia neno "limelimwa". Litatusumbua muda si mrefu.

Yaliyofuata mnayajua. Mwaka wa 2014 kobalti ilipatikana chini ya kwartie ya Kasulo, watu wakaanza kuchimba ndani ya parsele zao, wengine chini ya sebule. Mwaka wa 2015 Katanga iligawanywa mara nne, na Kolwezi ikawa kichwa cha provinsi ya Lualaba: ofisi, hoteli, wageni, njaa ya parsele. Mwaka wa 2017 provinsi iliamua sehemu ya Kasulo iwe eneo la kuchimba kwa mikono, madini yauzwe kwa CDM, tawi la kampuni ya Kichina Huayou. Wakaaji wa sehemu hiyo walihamishwa, ukuta ukajengwa. Na katika ripoti ya Septemba 2023, Amnesty International pamoja na shirika la hapa Kolwezi, IBGDH, walieleza familia za katikati ya mji, karibu na machimbo ya COMMUS, zilizohamishwa kwa malipo ambayo, kwa maneno ya familia hizo, hayakutosha kupata nyumba ya kufanana na ile ya kwanza.

Watu wengi wakisoma hayo wanaona nyumba, kwa sababu nyumba inapigwa picha ikianguka. Lakini familia yenye kuhamishwa mbali na mji inapoteza kitu cha pili chenye hakipigwi picha: njia ya kwenda shambani.

Kaye yangu

Sasa narudi kwenye bei ya shamba.

Miaka michache iliyopita, nikiwa natafuta kazi kama wengi wenu, nilipata kazi ya wiki tatu. Kampuni moja ilikuwa inataka ardhi ya kijiji kisicho mbali na Kolwezi, na ofisi moja ilitafuta maagronome wa kuhesabu mazao ili watu walipwe. Nilipewa kaye, kofia na fishi. Fishi ilikuwa na kolona ine: zao, umri wa zao, hesabu, bei. Nilihesabu miembe. Nilihesabu migomba. Nilipima mihogo na mahindi kwa hatua.

Mama mmoja mzee alinifuata nyuma siku nzima bila kusema. Jioni tulifika kwenye majani marefu na vichaka. Akasimama.

"Mwana, na hii yenye inalala, unaiandika wapi?"

Nikamwambia: "Mama, fishi haina nafasi ya hiyo. Hapa hakuna zao."

Akaniangalia. "Kule Lubumbashi ulisoma nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu nilisoma hiyohiyo. Udongo wetu wa miombo una asidi nyingi na fosfori kidogo. Mkulima asiye na mbolea analima kipande miaka miwili, mitatu ama mine, kisha anakilaza miaka mingi, vichaka virudi, majani yaoze, udongo upate nguvu. Kwa hiyo mwenye kuvuna nusu hekta mwaka huu anaishi kwa hekta mbili ama zaidi, nyingine zote zikiwa zinalala kwa zamu. Hii ni somo la mwaka wa pili. Kila mmoja wetu aliifanyia mtihani.

Na mimi, mwenye diploma, nilihesabu nusu hekta. Niliweka sinyatire yangu chini. Fishi ilikuwa sahihi kwa kolona zake zote, na ilikuwa ya uongo. Yule mama alilipwa majani ya juu. Shamba lake, ile zamu yote ya kulala na kuamka, liliingia katika kare bila kuandikwa popote. Hakuna mtu alivunja sheria. Shamba lenye linalala si shamba lenye "limelimwa".

Siku ile nilielewa kwamba ile nafasi nyeupe ya karte ya 1937 bado inachorwa. Na safari hii kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Tuchore sisi

Wengine wenu mtasema: "Yaya, kampuni ni kubwa, Leta ni kubwa, karte yako itafanya nini?" Ni swali la haki. Karte peke yake haina nguvu ya hati. Inaweza hata kuleta shida: ukipima mpaka, unaamsha magomvi kati ya mashefu wawili yenye yalikuwa yamelala, na unamwonyesha mnunuzi mahali pa kuanzia. Na tuseme ukweli wote: si kampuni tu zinazokula mashamba. Mashefu wanauza, na familia zetu zinauza, parsele kwa parsele, juu mtoto anaenda chuo. Mimi ni mmoja wa watoto hao.

Lakini kuna milango. Dekre ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kuomba msitu wao wa pamoja, mpaka hekta 50,000, na hatua moja ya kuuomba ni kuchora karte pamoja na majirani. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inawapa viongozi wa chini, yaani mji, komini, sekta na sheferi, haki ya kupanga maendeleo yao. Na sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 inawapa hao asilimia 15 ya ushuru wa madini unaotoka katika ardhi yao, provinsi asilimia 25. Franga za kununua mkebe wa rangi na mawe ya mpaka haziwezi kukosa kabisa.

Kolwezi imechelewa sana. Mutshatsha, Lubudi, Dilolo, Sandoa bado ni miji midogo, na mtu akitoka nyumbani asubuhi anafika shambani kwa mguu. Kule karte ya kwanza ya ukweli bado inawezekana, kabla mtu wa kare hajafika. Iwe na vitu vitano: mashamba yenye yanalimwa, mashamba yenye yanalala, visima na chemchemi, makaburi, na upande mji utakua bila kula udongo mzuri. Nakala moja kwa shefu, moja kwa ofisi ya teritware, moja kwa katasta, moja kwa parokia. Karatasi yenye kuwekwa mahali pane haipotei kwa urahisi.

Katika chama chetu tuko na watu wa jiometri, wa sheria, wa jeografia, na sisi maagronome. Karibu kila mmoja ana simu yenye GPS anayoitumia kutafuta harusi. Mvua itaanza mwezi wa kumi. Kabla ya hapo mashamba yako wazi, mipaka inaonekana vizuri, na wazee wako na nafasi ya kutembea nasi na kutuonyesha.

Mimi nitaanza na kijiji cha upande wa Mutshatsha ambapo mjomba wangu analima. Nimekwisha kununua kaye mpya na nimepiga mistari. Kolona ya kwanza nimeandika: "Inalala tangu mwaka gani?" Nani anakuja nami?